Fizi zimerudi nyuma: je, ni lazima nikatwe?

Swali: "Habari Daktari. Nina miaka 36, naishi Donholm na nafanya kazi ofisini Upper Hill. Meno yangu mawili ya mbele, ya chini, yameanza kuonekana marefu kuliko wenzake. Moja ufizi umeshuka sana hadi mzizi wa manjano unaonekana, na nikinywa maji ya friji nasikia kama nimechomwa sindano. Nilivaa waya za meno nikiwa na miaka 24. Napiga mswaki mara tatu kwa siku, tena mswaki mgumu, kwa hivyo si uchafu. Daktari wa kwanza alisema nifanyiwe upasuaji, achukue nyama kwenye kaakaa aipandikize mbele, na bei aliyotaja ni mshahara wangu wa miezi miwili. Wa pili alinitazama dakika tano akaniambia niachane na hayo, ninunue dawa ya meno ya kupunguza ganzi, yaani huo mchomo wa maji baridi. Kwenye simu nimeona video za upasuaji wa tundu, bila kisu. Shangazi anasema nisugue kwa chumvi na karafuu, fizi zitaota. Mamangu alibaki kibogoyo kabla ya kufika miaka 60, ndiyo maana naogopa. Nimsikilize nani?"

Jibu:

Dada, nianze na shangazi, maana ndiye rahisi kumjibu. Ufizi ukisharudi nyuma hauoti. Si nywele wala kucha. Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi hakuna ubaya, na mimi mwenyewe huwaambia wagonjwa wafanye hivyo kinywa kikiwa na kidonda. Lakini chumvi kavu ukiisugua kwenye mzizi uliovuliwa ni msasa, na mzizi hauna lile gamba gumu linalofunika sehemu ya juu ya jino. Karafuu nayo ina mafuta yanayofisha maumivu kidogo, ndiyo sababu bibi zetu waliibana kwenye jino bovu. Mafuta hayo yakiwa makali huunguza nyama ya kinywa. Utapata nafuu ya saa moja na ufizi utabaki palepale.

Sasa hao madaktari wawili. Huenda kila mmoja amesema kweli, ila kwa jinsi ulivyosimulia sioni mahali ambapo yeyote kati yao alikupima. Kipimo chenyewe ni kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Daktari anakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu sita kuzunguka kila jino, na msaidizi anaandika namba. Kina cha milimita 1 hadi 3 ni cha kawaida. Kisha anapima ufizi umeshuka milimita ngapi kutoka shingo ya jino, na ule ukanda mgumu wa ufizi uliobaki una upana gani. Kazi hiyo haiishi ndani ya dakika tano, na bei ya upasuaji isiyotanguliwa na namba hizo imetajwa mapema mno.

Kabla hujarudi kwa yeyote, simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, ushushe mdomo wa chini kwa kidole. Usitazame mzizi ulio wazi, ingawa ndio unaokutisha. Tazama vile vipembe vya nyama vinavyosimama katikati ya jino na jino. Je, bado vimejaa hadi mahali meno yanapogusana, au vimesinyaa na kuacha vijidirisha vyeusi? Uamuzi karibu wote wa upasuaji huu unategemea vipembe hivyo, na mfupa ulio chini yake, kuliko unavyotegemea urefu wa mzizi uliovuliwa.

Sababu yake inafaa uielewe, kwa kuwa ukiielewa hakuna atakayekuuzia ndoto. Nyama inayopandikizwa haiji na mishipa yake ya damu. Siku mbili tatu za mwanzo inaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake, kisha mishipa midogo midogo huanza kuingia ndani yake kutoka pembeni. Mzizi wa jino hauna damu ya kutoa. Kwa kipandikizi, ni kama jiwe tupu. Kwa hiyo nyama iliyolazwa juu ya mzizi ni kama daraja, katikati hakuna kitu na uhai wote unatoka kwenye kingo mbili. Kingo hizo ndizo vipembe. Vikiwa vimejaa, daraja lina nguzo na mzizi unaweza kufunikwa wote. Vikiwa vimeshuka, hata fundi hodari hawezi kuinua ufizi upite pale nguzo zilipoishia.

Ndiyo maana mwaka 1985 daktari wa Marekani, P. D. Miller, alipoyapanga mafungu ya fizi zilizorudi nyuma, aliyagawa manne kwa kuangalia hasa mfupa na nyama ya kati ya meno. Mwaka 2011 Francesco Cairo na wenzake wa Italia wakayapunguza kuwa matatu, nayo yanaangalia pale pale: katika fungu la kwanza hakuna kilichopotea kati ya meno, na mzizi unaweza kufunikwa kikamilifu, katika la pili kimepotea kiasi, na kufunikwa wote si jambo la kuahidi, katika la tatu, sahau habari ya kufunika wote. Mwulize daktari wako swali moja tu: "Mimi niko fungu gani?" Akianza kuzunguka, umeshajua.

Hapo ndipo anapoingia mamako. Kuna njia mbili kubwa za ufizi kurudi nyuma, na watu huzichanganya kila siku. Ya kwanza ni ugonjwa wa fizi: ukoga unakaa kwenye mpaka wa jino na ufizi, unakomaa kuwa ugaga, bakteria wanaingia chini, mfupa unaliwa kuzunguka jino zima na mifuko, yaani nafasi kati ya ufizi na jino, inazama milimita 5, 6, 7. Fizi zinatoka damu, pumzi inanuka, meno yanalegea na kuachana. Mtu anayebaki kibogoyo kabla ya miaka 60 bila kupata ajali, na ambaye meno yake yaling'oka yakiwa mazima bila kutoboka, mara nyingi alipita njia hiyo, na huu ni ugonjwa unaotembea katika familia. Ukiunganika na kisukari unakimbia zaidi. Njia ya pili haina ugonjwa ndani yake: ufizi ni mwembamba tangu kuzaliwa, mfupa wa mbele ya mzizi ni kama karatasi au haupo kabisa, halafu kitu fulani kinausukuma, labda mswaki, labda jino lililokaa nje ya mstari. Mtu wa namna hii ana kinywa kisafi kupita kiasi, vipembe vimejaa, hakuna harufu, lakini mizizi iko nje.

Kwa maelezo yako naona dalili za njia ya pili. Lakini siwezi kuapa nikiwa mbali, na kwa ajili ya historia ya mamako ningetaka meno yote yapimwe mifuko na eksirei ipigwe, na upimwe sukari kama hujawahi. Angalia vizuri hapa: ikionekana una ugonjwa wa fizi, upasuaji utakaoambiwa si ule wa kupandikiza. Ni upasuaji wa kufungua ufizi ili kusafisha mizizi iliyojificha, na huo hufanywa tu ikiwa usafishaji wa kawaida wa chini ya ufizi umeshindwa baada ya kupimwa tena, kama miezi mitatu baadaye. Tena unashusha fizi. Uvimbe ukiisha na mfuko ukifunga, jino huonekana refu kuliko awali. Nimeona watu wakitoka wakilia kwa sababu waliingia wakidhani wanafunikwa mizizi. Maneno "upasuaji wa fizi" ni yale yale kwa kazi mbili zinazokwenda pande tofauti, kwa hiyo usitie sahihi karatasi yoyote kabla hujajua ni ipi.

Umeandika "mswaki mgumu, kwa hivyo si uchafu" kama mtu anayejitetea. Dada, huo mswaki ndio mshtakiwa wangu wa kwanza. Sisi tulifundishwa na wazazi kwamba jino linasafishwa kama sufuria, na kwamba mswaki laini ni wa watoto. Ukoga ni laini kama utandu wa maziwa, unatoka kwa kuguswa. Kinachobaki kigumu ni ugaga, na huo hautolewi na mswaki hata ukiwa wa chuma. Hutolewa na daktari kwa vyombo vyake. Nguvu zako zote zinaishia kwenye ufizi na kwenye shingo ya jino. Pitisha ukucha pale mpakani: ukihisi kama kuna mfereji, tayari umechimba. Wanaotumia mswaki wa mti nao wasijione salama. Mti wenyewe ni mzuri, ila wengi huuvuta kulia kushoto kama msumeno, na huwavua meno ya mbele na chonge. Uelekeze kutoka kwenye ufizi kwenda ncha ya jino, taratibu.

Nunua mswaki laini leo. Ushike kwa vidole kama unavyoshika kalamu, usiubane kwa ngumi. Mara mbili kwa siku zinatosha, dakika mbili kila mara, ukiinamisha nywele za mswaki kuelekea mpaka wa ufizi na kuzitikisa mahali pamoja. Usipige mswaki mara tu baada ya kunywa soda au juisi ya ukwaju au ndimu. Asidi huulainisha mzizi na mswaki unaukwangua. Ngoja kama nusu saa. Ile dawa ya meno aliyokutajia daktari wa pili si upuuzi, ni tiba halisi ya ganzi ya meno. Zenye potasiamu naitreti hutuliza mishipa ya fahamu, na zenye stanasi floraidi huziba vitundu vya mzizi. Hazifanyi kazi kwa usiku mmoja. Zipe wiki mbili hadi nne, na ukimaliza kupiga mswaki tema tu, usisukutue kwa maji mengi. Mkaa wa kung'arisha meno, hata ule wa kwenye kopo zuri, utupe.

Mshtakiwa wa pili ndiye anayenikosesha usingizi zaidi, na sijui kama kuna aliyekuuliza habari zake. Ulivaa waya miaka 12 iliyopita. Je, ulipovuliwa ulibandikwa uzi mwembamba wa chuma nyuma ya meno ya mbele ya chini, ukaambiwa ukae nao? Na bado upo? Uzi huo kazi yake ni kuyashika meno yasirudi yalikotoka. Lakini miaka ikipita unaweza kujipinda au kubanduka kwenye jino moja bila wewe kujua, ukaanza kulisukuma jino kidogo kidogo, taji, yaani sehemu ya juu ya jino, likienda ndani na mzizi ukitokeza nje kupitia ule mfupa mwembamba. Dalili yake ni jino moja lenye mzizi uliotokeza kama mshipa wa mkono wakati jirani zake wametulia. Jino la namna hiyo likipandikiziwa nyama kabla ya uzi kuondolewa na mzizi kurudishwa ndani, unashona kiraka juu ya goti la suruali huku mtoto bado anatambaa. Pitia kwanza kwa mtaalamu wa kunyoosha meno. Wakati mwingine uzi ukitolewa na mzizi ukirudishwa mahali pake, hali hutengemaa kiasi kwamba kisu hakihitajiki tena, au kinahitajika kwa kazi ndogo zaidi.

Wengine watakaosoma hapa hawana waya. Kwao nitaje haraka: miraa inayowekwa shavu moja miaka na miaka, ugoro au tumbaku ya kubana mdomoni, na kipini cha mdomo kinachogonga fizi za chini, vyote nimeviona vikivua mizizi upande ule ule vinapokaa. Sigara nayo inabana mishipa ya damu, na kipandikizi kinachosubiri damu kutoka kingoni hufa njaa. Mvutaji asiyeacha, mimi simfanyii upandikizaji. Wapo wenzangu wanaonilaumu kwa hilo, na sijabadilika.

Nani basi anahitaji kisu? Si kila mzizi ulio wazi. Kama hauna ganzi, hautoboki, unasafishika na hausogei, unaweza kuishi nao uzee wako wote. Hata hivyo daktari wa pili amekosea akikuambia uachane nayo bila kusema urudi lini. Fizi nyingi zilizorudi nyuma huendelea kushuka polepole miaka inavyokwenda, hata kwa mtu anayejitunza, na ufizi mwembamba hushuka zaidi. Kwa hiyo kuna kungoja kwa kipimo na kuna kungoja kwa kusahau. Mimi ningekupima leo, nikupige picha, urekebishe mswaki, ushughulikie huo uzi, kisha nikupime tena baada ya miezi mitatu.

Nitakachokitafuta siku hiyo ni hiki. Namba imeongezeka? Ganzi imekataa dawa? Na ule ukanda mgumu, wa rangi ya waridi, uliofungwa kwenye mfupa, bado upo chini ya jino hilo, au ufizi umeshuka hadi ukakutana na nyama laini nyekundu ya ndani ya mdomo? Unaweza kujaribu mwenyewe: vuta mdomo wa chini taratibu. Kama ukingo wa ufizi unavutika au unageuka mweupe, jino hilo halina ukanda wa kulilinda, kila ukila na ukizungumza mdomo unalichuna, na mswaki ukigusa pale unauma hivyo unapaacha, hivyo ukoga unakaa, hivyo ufizi unashuka. Namba ikiwa imeongezeka, au ganzi ikiwa imekataa dawa, au ukanda ukiwa umekwisha, kisu kina haki yake, na kwa meno ya mbele ya chini lengo la kwanza huwa kuunenepesha ufizi ili usiendelee kushuka. Kuufunika mzizi ni zawadi inayokuja juu yake. Nalisema hili kwa sababu wengi wanauziwa zawadi na kusahau bidhaa.

Aina za kazi ni nyingi ila kwako ni mbili zinazofaa kujadiliwa. Ya zamani, iliyozoeleka tangu miaka ya 1960, huchukua kipande chembamba cha kaakaa pamoja na ngozi yake ya juu, kama milimita moja na nusu kwenda chini, na kukishona mbele ya jino. Inaleta ukanda mgumu, wa kutegemewa. Ubaya wake ni rangi: kaakaa limepauka kuliko ufizi, kwa hiyo hubaki kama kiraka. Kwa meno ya chini, ambayo mdomo huyafunika ukicheka, wengi hawajali. Na kaakaa lenyewe huachwa na kidonda kilicho wazi, kama goti lililochubuka, kinachopona kwa wiki mbili hadi nne.

Ya pili ilielezwa na Langer wawili mwaka 1985. Daktari anafungua kijidirisha kwenye kaakaa, anachomoa nyama ya ndani na kuacha ngozi ya juu, kisha anafunga dirisha kwa nyuzi. Nyama hiyo anaizamisha chini ya ufizi wa mbele, ama kwa kuufungua na kuuvuta juu ya mzizi, ama kwa kupenya chini yake kama mtu anayepitisha kamba kwenye pindo la suruali bila kufumua pindo lenyewe. Rangi inafanana na ya jirani, kaakaa linauma kidogo, na katika kufunika mzizi ndiyo inayoheshimiwa kuliko zote. Lakini inadai mkono mwepesi na kaakaa lenye unene wa kutosha. Kwa jino la chini lenye mdomo unaovuta sana na ukanda uliokwisha, bado kuna madaktari wazuri wanaochagua ile ya zamani, na si kwa sababu hawajasoma.

Ile ya tundu uliyoiona kwenye simu ni kitu cha kweli. Daktari John Chao wa California aliichapisha mwaka 2012. Ila maneno "bila kisu" ni ya muuzaji. Tundu dogo linatobolewa juu zaidi kwenye nyama laini, vyombo vilivyopinda vinaingia na kuulegeza ufizi, unasogezwa kufunika mizizi, na vipande vya kolajeni, ile protini inayoshikanisha ngozi na nyama, vinasokomezwa chini kuushikilia. Kaakaa haliguswi, na mtu mwenye meno kadhaa ya juu yaliyovuliwa na ufizi wa kutosha anaweza kunufaika. Wewe tatizo lako, kama ninavyolidhania, ni ufizi mwembamba usiotosha. Kusogeza kitu kisichotosha hakukifanyi kitoshe.

Kwa ndugu zetu Waislamu, na yeyote mwenye mwiko wake: kolajeni nyingi za vifurushi, na ile jeli ya protini ya gamba la jino inayopakwa mzizini, zinatokana na nguruwe, nyingine ni za ng'ombe, na zipo za ngozi ya binadamu aliyejitolea. Daktari anatakiwa kukwambia bila kuulizwa. Wengi husahau. Nyama ya kaakaa lako mwenyewe haina mjadala huo, na bado hakuna kifurushi kilichoishinda.

Sasa maumivu, maana najua ndilo swali ulilolizungukazunguka. Unafanyiwa ukiwa macho, kwa sindano za ganzi. Sindano ya kaakaa inauma, sitakudanganya. Ni sekunde chache mbaya, kisha huhisi tena ila kusukumwasukumwa. Kazi yote ni kama saa moja hadi moja na nusu. Siku hiyo kula kwanza, meza dawa zako za kawaida, na kama unatumia za kulainisha damu usiziache kwa akili yako, mwambie daktari mapema. Omba utengenezewe bamba la plastiki la kufunika kaakaa kabla ya siku ya upasuaji. Ni kitu kidogo kinachotokana na alama ya meno yako, na wagonjwa waliolivaa na wasiolivaa husimulia habari mbili tofauti kabisa.

Ukifika nyumbani, ganzi itaisha baada ya saa mbili tatu. Meza dawa ya maumivu kabla haijaisha. Ibuprofeni inafaa kwa wengi, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au mimba. Huyo atumie parasetamoli. Aspirini kwa ajili ya maumivu usimeze, inafanya kidonda kitoke damu zaidi. Kaakaa likitoka damu, bana kwa pamba safi ya hospitali au mfuko wa majani ya chai uliolowanishwa, dakika 15 mfululizo bila kuchungulia. Uvimbe hufika kilele siku ya pili au ya tatu. Chakula ni uji uliopoa, mala, viazi vya kupondwa, ndizi, supu isiyo moto. Githeri, nyama choma, chapati ngumu na pilipili vingoje. Usinywe kwa mrija.

Kuna makosa mawili ninayokutana nayo kuliko yote. La kwanza ni kushusha mdomo kila saa ili kutazama, na kuwaonyesha majirani. Kumbuka daraja na nguzo zake: kipandikizi kikitikisika siku za mwanzo, vimishipa vinavyoingia vinakatika, nacho kinakufa. La pili ni hofu ya rangi. Ukifanyiwa ile ya zamani, wiki ya kwanza kipandikizi kinaweza kuwa cheupe au kijivu kama nyama iliyochemshwa, ngozi ya juu ikajichuna. Hiyo mara nyingi ni kawaida, waridi litarudi kutoka chini. Kisicho kawaida ni usaha, homa, au maumivu yanayozidi baada ya siku ya nne badala ya kupungua. Hapo piga simu.

Eneo hilo halipigwi mswaki wiki mbili hadi nne, kadiri utakavyoelekezwa. Utasukutua mara mbili kwa siku kwa dawa ya klorheksidini, na ukiwa mpenzi wa chai ya rangi meno yatapaka kahawia. Yatasafishwa baadaye, usiikatize dawa kwa ajili hiyo. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14. Kazi ya ofisini unaweza kuirudia baada ya siku mbili tatu, ila kama ni ya kupokea simu kutwa, omba wiki, kwa kuwa mdomo wa chini unaozungumza ni mdomo unaovuta. Matokeo usiyahukumu kabla ya miezi sita. Wakati mwingine ufizi ulionenepeshwa huendelea kupanda taratibu peke yake miezi mingi baadaye, hadi kama milimita moja. Shangazi atadai ni chumvi yake.

Kuhusu pesa, omba bei iliyochambuliwa: kupima na eksirei, kusafisha, upasuaji wenyewe, bamba, ziara za baadaye. Uliza bei ni ya jino au ya eneo, kwa sababu meno mawili yaliyokaa pamoja hufanyiwa kwa mkato mmoja na kipandikizi kimoja, na kulipishwa mara mbili si haki. Ukiwa na bima ya kazini, usianze kabla ya kupata idhini ya maandishi. Kampuni nyingi hukataa zikiona neno urembo, basi daktari aandike sababu za kweli: ganzi, ukanda uliokwisha, namba zilizoongezeka kutoka tarehe hii hadi hii. Hapo tena utaona faida ya kupimwa mara mbili.

Anayefanya kazi hii awe mtaalamu wa fizi, au daktari wa meno aliyejifunza upandikizaji na anayeweza kukuonyesha picha za wagonjwa wake mwenyewe, kabla na miezi kadhaa baada. Jina lake ulitafute kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC, iliyo wazi mtandaoni, uone kama leseni yake ni ya mwaka huu. Mfuko ukiwa mwepesi, kuna Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Barabara ya Argwings Kodhek, ambako madaktari wanaosomea ubingwa hutibu chini ya macho ya walimu wao. Utasubiri foleni, na kila kitu kitakwenda polepole, lakini utapimwa. Mwanafunzi asiyepima hupata sifuri.

Kwa hiyo wiki hii upasuaji usikusumbue kichwa. Badilisha mswaki jioni ya leo. Jumamosi pitisha ulimi nyuma ya meno ya chini, na kama uzi upo, mtafute aliyeubandika au mwenzake wa fani hiyo. Pima mifuko, piga eksirei, uandikiwe namba kwenye karatasi na uondoke nayo wewe. Na kabla ya yote hayo piga picha ya meno hayo mawili pale dirishani, mdomo ukiwa umeshushwa, uiweke kwenye simu na tarehe yake. Miezi mitatu ijayo, yeyote utakayemkalia kwenye kiti, mwonyeshe hiyo kwanza.